Mbele sebule, nyuma stoo: kisa cha kompyuta iliyopangwa nyaya ikaanza kukata

Ilikuwa Julai, na anayeijua Mbeya anaijua Julai yake: asubuhi unatoka na sweta, mchana unalivua kwa nusu saa, jioni unalirudia na shuka juu yake. Ndiyo maana kijana aliponiambia kompyuta yake "inachemka", nilicheka kabla sijamwangalia usoni. Kwenye baridi ile, zaidi ya chai, ni kitu gani kinachemka?

Lakini hakuwa anatania. Kazi yake ni kuediti video za harusi na za kwaya, na studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, Ilomba, mlango unatazama barabara ya vumbi. Kompyuta aliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Vifaa vingine vilitoka Kariakoo kwa basi, vimezungushiwa matambara ndani ya boksi la biskuti; vingine kavinunua mkononi kwa mwanafunzi wa Iyunga aliyekuwa anamaliza chuo na anatafuta nauli. Si mashine ya kutisha: prosesa Core i5-4590 ya mwaka 2014, ramu gigabaiti 16, kadi ya grafiki GTX 1060 ya mwaka 2016, SSD moja, diski ya kasi, ya programu na diski ngumu mbili za kutunzia video. Pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya wati 500, ile aina ambayo nyaya zote zimetoka ndani moja kwa moja. Usiyemhitaji humchomoi, unamtafutia pa kulala.

Tatizo alilieleza hivi: "Kaka, nikiweka harusi irenda, dakika kumi, kumi na mbili, skrini inakuwa giza. Feni za kadi zinanguruma kama mashine ya kusaga. Kibodi haisikii. Nabonyeza kitufe mpaka izime, nawasha, inakubali. Nikirudia kurenda, inakata tena."

Kurenda ni pale kompyuta inapounganisha vipande vilivyoeditiwa kuwa video moja kamili. Akaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa limemaliza mjadala. Akiifungua mifuniko ya pande zote mbili, haikati hata ikirenda usiku kucha. Akiifunga, inakata. Kwa hiyo ni joto. Rafiki zake wote walishasema ni joto, na mmoja alimwambia nyaya zimeziba njia ya hewa. Alichotaka kwangu ni kimoja: nimpangie nyaya vizuri zaidi, na nimwongezee feni kama nafasi ipo.

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya hilo neno "zaidi".

Nilipofika, mama yake alikuwa uani anapepeta maharage. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekuja kuitibu hiyo friji?" Friji kwa sababu ya taa za bluu zinazong'aa nyuma ya kioo. Nikaingia ndani, na kweli, nilichokiona hakikufanana na malalamiko niliyoyasikia. Nilitegemea utumbo wa mbuzi kwenye karai. Nikakuta sebule ya wageni. Kupitia kioo cha ubavuni huoni karibu waya wowote: ule mnene wa bodi kuu inayounganisha vifaa vyote umejitokeza kwenye tundu lake sentimita chache tu na kuzama kwenye soketi, ule wa prosesa umekatiza kona ya juu na kupotea, kadi ya grafiki imekaa na waya mmoja mweusi mwembamba uliovikwa soksi ya nailoni. Safi. Ningeweza kupiga picha.

"Nani alikupangia?"

"Mwenyewe. Niliangalia video tatu nzima."

Nikamuuliza ilianza kukata lini. Akasema wiki tatu zilizopita, baada ya kuihamishia kwenye hili kasha la kioo. Zamani ilikuwa kwenye kasha la ofisi, bovu, limekatika mguu, nyaya zinaning'inia mpaka chini, na ilifanya kazi miezi kumi bila kukata hata mara moja. Yeye aliisoma habari hiyo kwa namna moja: kioo kinabana joto, kasha la zamani lilikuwa limejaa matundu. Mimi niliisoma kwa namna nyingine, na niseme ukweli, niliisoma vibaya pia. Njiani nilikuwa nimeshaihukumu pawa saplai. Wati 500 za bei ya chini, kadi ya grafiki, diski ngumu mbili. Nikajisemea itakuwa imechoka. Nilikuwa na nyingine kwenye begi, tayari kwa kubadilisha.

Kabla ya kugusa waya nikapima. Kazi ya majaribio ilikuwa harusi ileile, kipande kilekile, na programu ndogo ya kuonyesha joto imefunguliwa pembeni. Chumbani kulikuwa na nyuzi 17.

Mara ya kwanza nikaiacha kama anavyoitumia, imefungwa pande zote. Prosesa ikapanda hadi nyuzi 78, kadi ya grafiki 74. Dakika ya 12, giza. Hapo tayari hadithi ya joto ilianza kuchechemea, maana prosesa ya aina hii huanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 100, na kadi hiyo kwa mipangilio yake ya kiwandani huanza kujizuia ikikaribia 83. Halafu kuna tabia. Mashine iliyozidiwa na joto kwanza huwa nzito, kasi inashuka, kazi ya dakika ishirini inakula arobaini. Hii haikuwa inapunguza chochote. Ilikuwa inakimbia vizuri, kisha giza.

Mara ya pili nikafungua pande zote mbili. Prosesa 71. Dakika 40 zikapita, haikukata. Kijana akanitazama kwa jicho la "si nilikwambia".

Mara ya tatu ndiyo hakuwahi kuijaribu. Nikaondoa kioo peke yake, nikarudisha mfuniko wa bati wa upande wa pili, ule wa nyuma ya bodi. Prosesa ikakaa 71, vilevile kama ilipokuwa wazi kabisa. Dakika ya 9 ikakata.

Mara ya nne nikageuza: kioo kimefungwa, bati la nyuma limeondolewa. Prosesa 78, kadi 74, joto lilelile la mara ya kwanza. Dakika 40, haikukata.

Angalia hizo mbili za mwisho. Ilipokuwa na ubaridi ilikata, ilipokuwa na joto ikamaliza kazi. Kijana alinyamaza. Na mimi nikanyamaza, nikairudisha ile pawa saplai kwenye begi taratibu ili asiione.

Nyuma ya bati lile hakuna hewa inayopita. Ni uwazi mwembamba kati ya sahani inayobeba bodi na mfuniko, umeachwa kwa ajili ya nyaya tu. Feni zote, ya mbele inayoingiza na ya juu inayotoa, zinafanya kazi upande wa kioo. Kufungua bati la nyuma hakupoozi kitu. Kwa hiyo kama kulifunga kunaiua mashine, bati hilo linaigusa mashine. Halina njia nyingine.

Nikaliangalia kwa ubavu, kama seremala anavyoangalia ubao. Lilikuwa limevimba katikati.

"Ulilifungaje?"

Akacheka kwa aibu. "Halikuwa linakubali. Nilimwita mdogo wangu akakaa juu yake, mimi nikapiga skrubu."

Sasa stoo. Nyuma ya sebule ile kulikuwa na kila kitu ambacho wageni hawakutakiwa kukiona: ule waya mnene wa bodi, wa pini 24, umekunjwa mara mbili, nyaya za diski ngumu, za feni, za vitufe vya mbele, za taa za bluu, na zile zisizo na kazi ambazo pawa saplai imezaliwa nazo. Zote zimekazwa kwa kebo tai, vile vikanda vya plastiki vya kufungia, na kebo tai zimekatwa mikia kwa mkasi ili zisionekane, zikaacha ncha kali kama meno ya panya. Nilizihesabu kwa sababu sikuamini: 34. Nikachukua rula. Uwazi kati ya sahani na mahali mfuniko unapokaa ulikuwa milimita 16. Fungu la nyaya za pini 24 peke yake lilikuwa na unene wa milimita 14, na katikati kabisa, juu ya fungu hilo, kulikuwa na kiungio cha plastiki nyeupe cha pini nne, zile za zamani zenye waya wa njano, nyeusi mbili na nyekundu. Kiungio hicho kina unene wa karibu sentimita moja. Hesabu yake haihitaji chuo.

Nikafuata waya wa kile kiungio kwa kidole. Upande mmoja ulikwenda kwenye pawa saplai. Upande mwingine ulipita kwenye tundu na kutokea mbele kwenye kadi ya grafiki: ndio ule mweusi mwembamba uliovaa soksi. Adapta. Kazi yake ni kuchukua umeme kwenye viungio viwili vya pini nne na kuupeleka kwenye soketi moja ya pini sita. Viwili. Kijana alikuwa amechomeka kimoja. Cha pili kilikuwa kinaning'inia, hakikufika popote.

"Lakini pawa saplai yako ina waya wake wa pini sita wa kadi," nikamwambia. "Uko wapi?"

Ulikuwa chini, kwenye kizimba cha diski, umekunjwa na kufungwa pamoja na wasio na kazi. Aliuacha kwa makusudi. Una rangi za njano na nyeusi zinazoonekana kwenye kioo, na ni mfupi: haufiki kwenye kadi kwa kupitia nyuma, lazima ukatize mbele. Adapta ni nyeusi, imevikwa, na inafika. Kwa ajili ya macho, waya wa kazi ukapelekwa stoo na waya wa mapambo ukapewa kazi.

Nikawasha tena ikiwa wazi, kazi inaenda, ncha za mita zimeingizwa kwa nyuma ya soketi ya pini sita pale kwenye kadi. Volti 12.0. Nikabonyeza kile kiungio cheupe kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kawaida tu, chini ya ile ya mtoto wa darasa la sita aliyekalia bati. Ikasoma 11.2. Nikaachia, ikarudi 11.9. Nikabonyeza tena na kukishikilia. Baada ya nusu dakika hivi, skrini giza, feni zikanguruma.

"Eee," akasema kijana. Basi.

Twende polepole hapa. GTX 1060 hutumia hadi wati 120. Sehemu ya umeme huo inauvuta kupitia tundu la bodi lililoikalia, ambalo kwa kiwango chake halitoi zaidi ya wati 75. Sehemu nyingine inapitia soketi ya pini sita, nayo mwisho wake umewekwa hapohapo kwenye 75. Tuseme zimegawana nusu kwa nusu. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Kwa waya halisi wa pawa saplai, ampea hizo zinagawanywa kwenye nyaya za njano zaidi ya mmoja. Kwa adapta yenye kichwa kimoja kilichochomekwa, zote tano zilipita kwenye waya mmoja wa njano na pini moja yenye unene wa milimita 2 na ushee, yaani njiti ya kiberiti.

Pini hiyo dume inashikwa na pini jike ambayo kwa kweli ni kibati kilichokunjwa kama karanga kwenye karatasi. Kinachoishika ni mkunjo wake tu, kama chemchemi. Ukiisukuma kwa ubavu, mkunjo unafunguka upande mmoja, na badala ya kugusana kwa eneo kubwa zinagusana kwa nukta mbili tatu. Mita ilionyesha volti 0.8 zimepotea hapo katikati. Zidisha kwa ampea 5: wati 4 za joto, ndani ya njiti ya kiberiti, ndani ya plastiki, katikati ya fungu la nyaya ambako hakuna upepo. Joto linalainisha plastiki na kulegeza mkunjo, mkunjo ukilegea mgusano unapungua, joto linaongezeka. Inajilisha yenyewe. Ndiyo maana ilihitaji dakika tisa au kumi na mbili kukata, ilikuwa inajipasha. Na kiwango cha pawa saplai za aina hii kinaruhusu volti 12 zishuke kwa asilimia 5 tu, mpaka 11.4. Kadi iliyopewa 11.2 na zinazidi kushuka inajitoa yenyewe kazini.

Kwa hiyo kijana hakukosea aliposema joto. Alikosea chumba.

Nikazima, nikachomoa waya wa ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ujimalize, nikakichomoa kile kiungio. Kilitoka kwa kugoma. Tundu la njano lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, ukingo wake umeyeyuka kidogo na kuvimba, na kinatoa harufu ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati la nailoni. Nikampa anuse. Akakinusa, akampelekea mama yake uani naye akinuse. Nikasikia kule nje: "Si nilisema kuna kitu kinaungua humu ndani, mkasema ni jiko la jirani?" Wiki nzima alikuwa anaisema. Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi nilipoingia nilimsalimia tu nikapita.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya mikono. Nilivua sweta kwanza. Watu wa Dar hucheka nikiwaeleza, lakini Julai hewa ya huku ni kavu, na sweta la sufu ukilivua gizani unaona cheche zake. Sitaki cheche hizo zipite kwenye ramu ya mtu. Ukishalivua unagusa bati tupu la kasha, kisha ndipo unagusa bodi. Pawa saplai yenyewe haifunguliwi kwa sababu yoyote ya kupanga nyaya. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita zilizo ndani hukaa na zaidi ya volti 300, na hazina haraka ya kuzitoa baada ya kuchomolewa.

Kebo tai zote 34 nikazikata. Koleo la kukatia linaingia likiwa limelala sambamba na waya, si limesimama, na unakata kichwa cha tai, si mkanda wake, maana chini ya mkanda kuna ngozi ya waya. Hata hivyo niliupata waya mmoja wa feni uliokuwa umeshakatwa nusu na ncha ya tai ya jirani yake. Nikaufunga gundi ya umeme.

Mpangilio mpya ulianza na swali la nini kinene na kiende wapi, kabla ya swali la nini kionekane. Waya wa pini 24 ndio mzito, huo huchagua njia yake na wengine wanaufuata. Nikaukunjua, nikaulaza kwa upana kama mkeka, nyaya zake moja kando ya nyingine, ukashuka unene kutoka milimita 14 hadi karibu 9. Hakuna kilichopita juu yake. Kila kilichotaka kuukatiza kilitafutiwa njia juu au chini. Waya wa prosesa ulikuwa umevutwa kama kamba ya kuanikia nguo, kichwa chake kimeinama kwenye soketi. Nikaulegeza kwa kuupitisha karibu zaidi, ukapata mkunjo wa vidole viwili kabla ya kuingia. Mkunjo huo wa mwisho ndio ninaoujali kuliko wote. Kiungio kinatakiwa kiingie kimenyooka na kukaa bila kuvutwa na upande wowote, mpaka kibanio chake kilie "ta".

Nyaya zisizo na kazi zilirudi kwenye kizimba cha diski, chini mbele, mahali ambapo kulikuwa na nafasi tupu tangu mwanzo. Nyembamba za vitufe na taa sikuzigusa sana. Alikuwa ameziweka sawasawa, pamoja na ule wa sauti na ule wa USB ambao wengi huuchanganya kwa sababu soketi zote mbili zina mistari miwili ya pini tano; wa USB umeziba tundu la 9, wa sauti umeziba la 8.

Kufungia, hakuna kebo tai iliyorudi. Nilitumia velkro. Mbeya mjini unaweza kuipata ya kununua ukizunguka, lakini jirani yake ni fundi cherehani, na fundi cherehani ana mabaki ya velkro kwenye boksi la mabegi ya shule mabovu. Akatukatia vipande vya upana wa sentimita moja, akakataa hela, akataka kuona friji. Velkro inafunguka na kurudi, haina meno, na haikuruhusu ukaze kama unafunga mzigo wa mkaa kwenye bodaboda. Kalamu ipite kati ya mkanda na nyaya. Isipopita umekaza mno. Kijana alipendekeza vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vinapatikana bure. Nilikataa. Mpira ule ukikaa kwenye uvuguvugu unakauka au unanata, na mwakani mtu atakuwa anaukwangua na ukucha.

Na waya halisi wa pini sita ukapita mbele. Hakukuwa na njia nyingine. Nikaupandisha kutoka chini ya kadi, nikaufungia mara moja kwenye ukingo wa sahani ili usilegee ukafikia mapanga ya feni, ukaingia kwenye soketi ukiwa umepinda vizuri. Unaonekana. Njano na nyeusi, kama jezi.

Bati la nyuma lilifungwa kwa kidole. Hakukaliwa na mtu.

Kisha nikarudia kipimo cha kwanza, imefungwa pande zote, harusi ileile. Volti kwenye kadi ilipokuwa wazi zilikuwa 12.0 na nikabonyeza kila mahali bila kuziyumbisha. Ilipofungwa ikarenda mpaka mwisho, saa mbili na dakika kadhaa, tukala na ugali hapohapo. Na joto? Prosesa 76, kadi 73. Nyuzi mbili na nyuzi moja. Hizo zenyewe sikuapii kwamba ni za nyaya, maana nilikuwa nimepiga brashi feni ya mbele na chujio lake lililovaa vumbi jekundu la barabara ile. Hewa si maji ya mfereji. Ikikutana na waya inapinda pembeni na kuendelea. Waya unaogusa panga la feni ni balaa, waya uliolala mdomoni mwa feni ni kero, lakini waya unaoning'inia tu katikati ya kasha ni suala la macho. Kasha lake la zamani lenye utumbo wa mbuzi liliishi miezi kumi kwa sababu utumbo ule haukuwa umebanwa na chochote.

Zile picha za mtandaoni anazozipenda, na mimi nazipenda, zina mambo ambayo picha haisemi. Pawa saplai nyingi za namna ile nyaya zake zinachomoka, kwa hiyo usiyemhitaji unamwacha kwenye boksi. Makasha yake yana uwazi mpana zaidi nyuma. Na mara nyingi waya umekatwa kwa kipimo cha kasha hilohilo. Ukichukua sura ile na kuilazimisha kwenye milimita 16 na pawa saplai yenye mikia yote, unachofanya si kupanga. Unahamisha.

Ugomvi wetu wa mwisho ulikuwa juu ya jezi. Kijana alikuwa amefurahi kazi imekwisha, lakini kila akigeuka jicho linarudi kwenye ule waya wa njano. Wateja wanakaa pale, kaka, wanaiona. Akauliza kama anaweza kuagiza kipande cha kuunganishia, cheusi, kilichovikwa, cha pini sita kwa pini sita. Nikamwambia anaweza, na si kosa kama lile la kwanza, mradi nyaya zake ziwe nene kama za pawa saplai yenyewe na kiungio kikae mbele wazi, si nyuma ya bati. Ila kila kiungio kinachoongezwa ni pini jike nyingine ya kulegea. Mimi nisingeweka. Akasema atafikiria. Akaagana nami kama mtu aliyetibiwa jino na kubaki na pengo.

Baada ya wiki mbili akanitumia picha kwenye simu, na asante ya Kinyakyusa: "Ndaga fijo kaka, haijakata tena." Nikaifungua. Meza ileile, skrini ileile, na juu ya kompyuta, kimeshuka mpaka nusu ya kioo, kitambaa cha kufuma cha mama yake, cheupe chenye maua ya bluu pembeni, kama vile vinavyofunika redio na televisheni. Jezi haionekani. Taa za bluu hazionekani. Nikaikuza picha kwa vidole viwili nikaona kingine: kitambaa kimelala juu ya matundu ya feni inayotoa hewa.

Nikapiga simu. Akapokea mama.

"Shikamoo mama. Kile kitambaa ulichokiweka juu ya kompyuta..."

"Ni vumbi hili mwanangu, linaingia sana."

"Kweli mama. Ila tukishushe kidogo, pale juu pabaki wazi, ndipo inapopumulia."

Kimya kidogo, nikasikia kiti kinavutwa.

"Haya, nimekishusha. Na cha skrini ninachofuma nacho kina masharti?"